Wale Akina Nani?

"Mama Karani hakuwahi kuwa na msimamo. Alikaa katikati ili apendwe na wote." Maneno hayo yalisemwa na mwenyekiti wa kamati ya majengo, kwenye kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga. Nilijaribu kuyameza yakanikwama. Nayatema hapa, katika jarida letu la kanisa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, karani wa kanisa letu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza akiwa binti mwenye taipureta ya kuazima, katika chumba kile cha nyuma ya madhabahu ambamo mvua ikinyesha ilibidi ahamishe meza. Amechapa matangazo ya ndoa za watu ambao leo watoto wao wanatuimbia kwaya. Amefanya kazi na wachungaji wanne, na wote amewazoeza kugonga mlango kabla ya kuingia.

Hana msimamo? Ulipozuka ugomvi wa kinanda na magitaa, ni yeye aliyesimama mkutanoni akasema waziwazi kwamba magitaa yanamuumiza kichwa, kinanda kibaki. Kisha akatoka nje akawapelekea chai haohao wapiga magitaa. "Kunyweni, wanangu, makelele yanatia kiu." Huo ndio msimamo. Kununa tunakokuita msimamo ni kununa tu.

Waliojiunga nasi baadaye wajue yaliyotokea. Upande wa kinanda ulitia kufuli mlango wa kanisa ili magitaa yasiingie. Upande wa magitaa, kwa hasira, ukatia kufuli lake juu ya lile. Basi hakuna aliyeweza kuingia. Jumapili ile tulisali uani, makundi mawili, kila moja likipaza sauti kulizima jingine. Wengine walikwisha kwenda kuulizia ukumbi wa kukodi. Kanisa lilikuwa linapasuka, na tuliokuwapo tulisikia likipasuka.

Ufunguo wa kufuli la kwanza alikuwa nao fundi wa kuchomelea vyuma. Kesho yake aliingia akifoka katika ofisi ya Mama Karani, ambayo siku hizo ilikwisha hamia uani.

"Mama, wale wametukomoa!"

"Wale akina nani?"

"Wale wa magitaa."

"Akina nani, baba?"

"Si yule muuguzi na wenzake!"

"Na muuguzi ni nani kwako?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Shemeji."

"Haya, anza upya. Sema, shemeji yangu amenikomoa."

Alijaribu, ikamshinda. Shemeji huyo, dada wa mkewe, ndiye aliyekesha hospitalini mkewe alipojifungua kwa taabu. Mtu hawezi kulitamka neno hilo na kufoka kwa pumzi moja.

Muuguzi naye alipokuja kuwashtaki "wale wazee", alipewa dawa ileile. Jioni wakakutana mlangoni, kila mmoja akafungua kufuli lake.

"Shemeji, hilo gitaa lenu ni adhabu."

"Na kinanda chenu kina pumu, shemeji."

Wakaingia ndani wakiendelea kubishana. Tangu hapo karani wetu akapata jina la utani, Wale Akina Nani, analojifanya halijui.

Mpaka leo hatujakubaliana. Kinanda na magitaa hupokezana, na kila Jumapili yupo anayenuna. Mama Karani hakutudai tufikiri sawa. Alitudai tugombane ndani, tukiitana kama tunavyoitana nyumbani.

Asante, Mama. Umetulea tukiwa na mvi zetu. Nenda ukanyooshe miguu, ukisikiliza kinanda mpaka kikuchoshe. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na wajukuu wasiokubali uumalize.

Nanyi kamati ya majengo: mezani kwenu kuna pendekezo la kutoboa mlango wa pili, ili wapenda magitaa wapite kwao na wapenda kinanda kwao. Mnaliita suala la hewa. Lichaneni. Lichaneni Jumapili hiyo mbele yake, kabla hajakabidhi funguo. Na wewe, mwenyekiti, najua utakuja kunijibu. Njoo. Ila usianze na "wale wa jaridani". Anza na "shemeji yangu", kama unavyoniita unapokuja kula kwangu.