Kituo cha Juu Hakifikiki

Mvua ilikatika asubuhi, ila benchi la pembeni mwa duka la viatu lilikuwa bado linachuruzika maji, wazoefu wake wa kila siku wamekalia magazeti. Mama wa kahawa alipuliza mkaa mbichi mpaka macho yakamwiva. Katikati aliketi Vifurushi, fundi wa kompyuta aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hana hadithi nyingine: kutwa vifurushi vya programu, hiki kimeingia, hiki hakijaingia. Leo kompyuta ilikuwa mapajani, na uso umemshuka.

— Bado tu? aliuliza Mkato, fundi cherehani.

— Bado. Nimeamuru seva, zile mashine za vituo vyote vya kupima maji mtoni, ziseme kama kifurushi kipya cha tahadhari ya mafuriko kipo. Zote zimejibu kipo. Kituo cha juu tu, "hakifikiki".

— Si uende ukaone?

— Zamani tulikwenda. Siku hizi amri moja inaviuliza vyote, mimi niko hapa nakunywa kahawa. Gari likauzwa, wenzangu wakaachishwa. Nimebaki mimi na amri.

Ndevu, kinyozi, akafuta kikombe kwa shati.

— Panya huyo. Katafuna waya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Panya wapi! Mkato akadakia. Mashine imeibwa, saa hizi inapiga muziki harusini.

— Basi imesusa. Mitambo ya sasa ina akili, bwana. Kimya kikuu kina mshindo mkuu.

— Au maji yameingia kwenye waya, Mkato akasema, yanakuja huku polepole. Ndiyo maana kahawa ya leo ni maji matupu.

— Weee! Usiniingize mimi kwenye mitandao yenu! Mama wa kahawa akang'aka.

Walicheka. Vifurushi hakucheka. Bosi alishampigia: andika vituo vyote viko sawa isipokuwa kimoja. Na hicho kimoja ndicho mto hukipitia kwanza. Akabonyeza tena. Hakifikiki.

Ndipo akafika mwanamke, ndala mkononi, tope mpaka magotini.

— Habari zenu, kaka zangu. Ofisini wamenielekeza hapa. Nani anaangalia kituo cha juu?

— Mimi, dada.

— Mlinzi wa pale ni baba yangu. Tangu jana simu yake haiiti. Yu mzima?

Vifurushi alijua toleo la kila programu iliyokuwa kule, na saa mashine ilipojibu mara ya mwisho. Mzee mwenyewe alimkumbuka sauti tu, enzi zile walipokuwa wakipigiana simu.

— Dada, mimi... mimi huwa naiuliza mashine.

— Basi iulize.

Akaiuliza, maana mikono haikuwa na kazi nyingine. Maandishi yaleyale yakatokea, mekundu. Mwanamke hakuyaelewa. Akamtazama Vifurushi usoni, kisha akakaa chini palepale, kwenye tope, ndala bado zi mkononi.