Taa ya Ijumaa Ndani ya Chungu

Asifiwe Mungu wa Ibrahimu, ndugu zangu! Wengi mliopo hapa, kama mimi, ni wajukuu wa yule Mreno aliyevuka Ruvuma akaja kulima kijijini Tingi. Mnanijua. Lakini hili hamjalisikia kinywani mwangu.

Nilibatizwa kama nyinyi. Nikaimba kwaya, nikapokea komunyo. Ila nyumbani, kila Ijumaa kabla jua halijazama, mama aliwasha koroboi akaishusha ndani ya chungu kikubwa isionekane nje. Kambale hatukula, wala samaki yeyote asiye na magamba. Nilipouliza, mama alisema ni mwiko wa babu, ninyamaze. Nikadhani ni mwiko tu, kama kila ukoo ulivyo na wake.

Ndugu zangu, nikaolewa kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikaenda na chungu changu! Mwanangu wa kwanza akafariki. Mama mkwe akaikuta ile taa. Nani huficha taa chunguni kama si mchawi? Wakamleta mganga, nikanyolewa kipara mbele ya watu wote, chungu kikavunjwa, nikawekewa sahani ya kambale: nile, au nirudi kwetu. Nilikula! Nililia huku nakula. Nikaiokoa ndoa, nikajichukia. Miaka sita sikuwasha kitu.

Kisha serikali ikaifanya biashara ya kahawa kuwa huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wakamiminika Mbinga. Nasi tukahamia huko, nikafungua mgahawa. Mnunuzi mmoja, mzee wa Kireno, kila siku alikuwa anauliza kwanza kama samaki ana magamba. Mwiko wetu huo! Nikamweleza habari za mama na chungu chake. Mzee wa watu akaweka kijiko chini, akalia. Akaniambia mababu zake walikuwa Wayahudi, wakabatizwa kwa nguvu kwa amri ya mfalme wa Ureno, na tangu hapo wakawa wanawasha taa zao za Sabato mafichoni, mama kwa binti, hadi wengine wakasahau sababu.

Mungu wangu! Kumbe si uchawi! Kumbe walikuwepo kabla yangu waliokubali kwa hofu, na bado Mungu hakuwatupa!

Ijumaa ile nikaiweka taa mezani, wazi. Nikamwambia mume wangu, "Baba Maria, siku ile nilikula kwa kuogopa. Sili tena. Ukitaka niende, sema leo." Aliitazama ile taa. Akavuta kiti, akakaa.

Nikawatafuta walimu wa dini ya Kiyahudi kule Nairobi; hawakunibembeleza. Walisema lazima nijifunze, nipokelewe upya. Nikajifunza! Kiebrania kilinitoa jasho kuliko kupalilia kahawa, lakini nimepokelewa, na jina langu la Kiyahudi silifichi.

Namshukuru Mungu aliyenisubiri miaka yote ile. Sasa basi, humu ndani yupo dada anayezima taa yake kila akisikia hodi. Simtaji. Dada yangu, usizime. Mwache anayebisha aingie, aione.