Jino la Thibault na Glavu za Orest Wasylkiw

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne ya wiki iliyopita, taa za uwanja wa barafu wa Grenholm zilikuwa hazijawashwa. Waliofika kufanya mazoezi walisubiri mlangoni wakipiga miguu chini kwa baridi. Kwa miaka mingi aliyeziwasha ni mtu mmoja, dereva wa gari la kulainisha barafu. Mtu huyo alikuwa amefariki usingizini, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyo ni Orest Wasylkiw. Leo tunamkumbuka Orest Wasylkiw.

Kabla ya kuendesha gari lile alikuwa mchezaji wa kulipwa. Misimu saba aliichezea timu yetu ya hoki, Nyati wa Grenholm. Misimu saba, magoli manne. Hakuajiriwa afunge. Aliajiriwa ili wafungaji wasiumizwe. Ukimgonga mwenzake vibaya, Orest anakufuata, anatupa glavu zake chini, nawe unatupa zako. Hapa kwetu glavu zikianguka, hakuna anayeuliza kinachofuata.

Kazi hiyo ina adabu zake, na Orest alizishika. Aliuliza kwanza: "Vipi bwana, tuanze?" Mwenye mkono mbovu alimwacha. Aliyekwisha kuanguka hakumpiga.

Mama yake, Bi Stefania, hakutaka kusikia habari za adabu. Siku ya Krismasi, mezani, mbele ya ukoo mzima, alimwambia: "Sikukunyonyesha uje kupasua watu midomo. Nitaingia uwanjani siku utakayocheza bila kupigana."

Wote walicheka. Orest pia alicheka. Dada yake, Daria, anakumbuka vingine. "Kaka alitaka Mama amwone akicheza. Hilo tu. Kila akiingia barafuni alitazama jukwaani kwanza, halafu ndiyo anamtazama kocha."

Mama hakuwepo jukwaani. Mama alikuwa nje, garini. Alimleta Daria kila mechi, akabaki kwenye maegesho, injini inaunguruma, akisikiliza redio. Kituo hiki hiki, wasikilizaji wapendwa. "Alizima taa asionekane," anasema Daria. "Lakini theluji ilikuwa inayeyuka juu ya boneti la gari moja tu. Mji mzima ulijua."

Februari ya mwaka 1989 walikuja wapinzani wetu, timu ya Larchmont, na mbabe wao, Normand Thibault. Katika kipindi cha kwanza kile kisahani kigumu wanachokipiga kwa magongo kiliruka, kikampata Thibault mdomoni. Jino likatoka. Filimbi ikalia. Orest akavua glavu, kwa kuwa huwezi kuokota jino ukiwa na glavu za hoki. Thibault akavua zake.

Mtangazaji wetu, marehemu Clem Ostby, alikuwa ameinama akimimina kahawa. Akainua kichwa, akaona glavu nne juu ya barafu.

"Glavu chini! Wasylkiw na Thibault! Haya sasa!"

Kisha akasema taratibu, "Ngoja. Wamepiga magoti. Sijui wanafanya nini."

Maneno hayo ya pili Bi Stefania hakuyasikia. Alikwisha kutoka garini. Aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza, akashuka ngazi hadi kwenye kioo, akakigonga kwa kiganja.

"Orest! Toka hapo!"

"Mama, tunatafuta jino!"

"La nani?"

"Langu, Mama," akasema Thibault, kidevu kimejaa damu.

Bi Stefania aliwatazama wale majitu wawili wakitambaa. "Si huko, wewe mrefu. Kulia kwako. Kulia! Hamna macho?"

Jino likapatikana. Naye, kwa kuwa amekwisha kuingia, akaketi kando ya Daria.

Katika kipindi cha tatu Thibault alimgonga mfungaji mdogo wa Nyati kwa nyuma, uso ukutani. Kijana alikawia kunyanyuka. Orest alitazama jukwaani. Mama yake alikuwepo. Akipigana, Mama angeweza kuondoka na asirudi tena. Orest alitazama, kisha akamwendea Thibault.

"Normand. Tuanze?"

"Leo? Mama yako anaangalia."

"Ndiyo. Na amekuona."

Thibault alifikiri kidogo. "Haya. Haki yako."

Glavu zikaanguka. "Mama alisimama," anasema Daria. "Nikachukua koti, nikajua tunaondoka. Kumbe anapiga kelele: 'Shati, Orest! Mshike shati!'"

Misimu yote ile redio ilimletea Bi Stefania ngumi za mwanawe tu. Pigo lililotangulia, la kumwumiza mwenzake, lilikuwa limekwisha kupita Clem alipopaza sauti. Tangu usiku ule hakukosa mechi ya nyumbani, na hakusikiliza tena garini.

Kwa Bi Stefania, kwa Daria na kwa ukoo wote wa Wasylkiw, kituo hiki kinatoa pole. Nawe msikilizaji, utakaposikia leo kwamba fulani amempiga fulani, ulizia dakika iliyotangulia. Sisi watangazaji tunaihitaji zaidi kuliko nyinyi.

Mazishi yalifanyika jana. Thibault alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kanisani, padri alisema marehemu alikuwa mtu wa amani.

"Hapana, Padri," akasema Bi Stefania kutoka benchi la mbele. "Alipigana. Waulize kwa nini."

Padri alisubiri kicheko kiishe, kisha akaendelea na misa.