MaMpinga na Stoo ya Shule ya Luphondwana

Ni nani kati yenu mliokaa chini ya hema hili ambaye hakula maharage ya MaMpinga mwaka ule wa ugonjwa? Ajitokeze tumwone. Tunangoja.

Kama hakuna, basi tuelewane mapema kwamba historia hii inasomwa mbele ya watu walioshibishwa na marehemu, na kwamba wengi wao, kwa miaka minne, wamepita mbele ya lango lake wakitazama upande wa pili. Mchungaji, chifu wetu, walimu, majirani na waombolezaji wote, kazi ya kusoma tumepewa sisi wa upande wa Mpinga, alikozaliwa, kwa sababu hatukuolewa katika boma hili, na yapo majina ambayo wake wa hapa hawaruhusiwi kuyatamka, nayo leo hayana budi kutamkwa.

Marehemu Nokuphiwa Evelyn Qangule, binti wa ukoo wa Mpinga, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 upande wa Flagstaff, mtoto wa tatu wa Mzee Gilbert Sontonga na mkewe Nomalungelo, katika nyumba iliyokuwa na mbuzi wengi kuliko vitanda. Alianza shule mwaka 1969, akiwa mkubwa kuliko wenzake kwa sababu viatu vilikuwa jozi moja na dada yake alitangulia, akamaliza chuo cha ualimu huko Mthatha Desemba 1982, na Januari 1983 akaja hapa Luphondwana kufundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ambayo hakuiacha hadi alipostaafu, akiwa mwalimu mkuu tangu tarehe 1 Aprili 2004.

Kwenye misiba kila marehemu huwa alikuwa mpole. Huyu hakuwa mpole. Alimwambia mkaguzi wa elimu, mbele ya walimu wote, kwamba suruali yake inahitaji mkanda haraka kuliko shule inavyohitaji ripoti, na mzazi aliyemleta mtoto amechelewa alisimamishwa langoni akaulizwa kama na yeye alilala na viatu. Watoto walimwogopa kisha wakampenda, kwa mpangilio huo.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Zwelibanzi Qangule, mchimba dhahabu, mtu wa ukoo wa Bhele, akawa mke wa boma hili na kupokea heshima yake pamoja na mzigo wake. Wazee mnaijua mila, tunaikumbusha kwa ajili ya waliokulia mijini: mke halitamki jina la baba mkwe, wala la ndugu wa baba mkwe, hamkemei, hamtazami usoni, na matendo yake hayasemi mbele ya watu, yawe mema au mabaya. Kwa MaMpinga baba mkwe aliyebaki hai alikuwa Mzee Mfanekiso Qangule, mdogo wa baba wa mumewe, na mwanamke yule yule aliyemwambia mkaguzi atafute mkanda, akimwona mzee huyo njiani, alishusha kitambaa hadi kwenye nyusi akazunguka kwa njia ya nyuma ya zizi, hata kama mvua inanyesha na amebeba madaftari.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Phathiswa, aliyezaliwa mwaka 1987, na Lwandiso, aliyezaliwa 1991, na tarehe 3 Oktoba 2008 marehemu akamzika mumewe, aliyerudi kutoka mgodini na mapafu yaliyojaa vumbi.

Tarehe 18 Machi 2020 shule zote zilifungwa. Katika stoo ya Luphondwana kulikuwa na magunia ya maharage, mahindi ya kukoboa, mafuta na makopo ya samaki, chakula cha watoto ambao wengi wao hawakuwa na mlo mwingine wa kueleweka, na amri ikaja kwamba stoo isifunguliwe hadi shule ifunguliwe. Marehemu alimpigia simu afisa wa wilaya, na mpishi wa shule, MaDiya, aliyekaa pale mbele na shali ya kijani, alikuwa kando yake akisikia.

“Mama Mkuu, chakula kile ni cha wanafunzi, na wanafunzi hawapo shuleni.”

“Wapo, mwanangu. Wamehamia kwao tu, na matumbo wamekwenda nayo.”

“Mimi sijakuruhusu.”

“Na mimi sijakuomba. Nakupa habari.”

Kesho yake walifungua. Walipanga mawe makubwa nje ya ua wa shule, kila nyumba na jiwe lake, mbali na jiwe la jirani, na kila Jumatatu na Alhamisi mtu mmoja wa kila nyumba alisimama kwenye jiwe lake, akapokea chakula juu ya ubao uliosukumwa chini ya waya, pamoja na karatasi ya mazoezi ya mtoto, ambayo ilipaswa kurudishwa imejazwa. Zilirudi zimejazwa. Zilijazwa na mabibi, kwa maandishi ya kutetemeka ya watu walioacha shule zamani ili waolewe, na marehemu alizisahihisha zote bila kumwaibisha mtu, ila siku moja uvumilivu ulimwishia akapaza sauti ng'ambo ya waya, “Bibi MaNtlane, hesabu zako za sehemu zimenishinda! Mwombe mjukuu akusaidie!” Na bibi naye, kutoka kwenye jiwe lake, “Mjukuu ndiye aliyenifundisha hivyo, Mwalimu, kwa hiyo mchape mwalimu wake!” Watu walicheka wakiwa wamefunika midomo, na hapakuwa na kicheko kingine mwezi ule.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi yenu mmeanza kutazama viatu.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuuza tumbaku. Wazee wa kijiji hiki, ambao kila mmoja alikuwa na kiko chake na hakukubali mdomo wa mwingine ukiguse, wakaishiwa, wakawa wanakuja uani Alhamisi kukaa tu, wakali kama nyuki. Mwanzoni mwa Mei 2020 Mzee Mfanekiso alikuja na kiko kilichowaka, tumbaku mbichi ya dukani, harufu yake ikafika hadi stoo. Kwa kuwa ilikuwa kidogo, na kwa kuwa mzee mwenye kitu hali peke yake, akavuta, akapitisha. Kiko kimoja, midomo mitano.

Marehemu aliona. Kutoka mlango wa stoo aliona kila kitu, na alijua kwamba tumbaku ile imetoka mjini, na kwamba aliyeileta ametoka mjini, ambako watu walikuwa wanakufa. Angekuwa mzee mwingine yeyote, angekipokonya kiko kile kama anavyompokonya mtoto manati. Lakini alikuwa baba mkwe. Alirudi ndani, akamshika MaDiya mkono. “Nenda wewe. Wewe hukuolewa kwao. Mwambie akizime.” MaDiya alienda, akasema, na Mzee akamjibu, “Rudi kwenye sufuria zako, mwanangu. Njaa ya tumbo mmeitibu, hii si yenu,” wazee wakacheka, na kiko kikaendelea. Hilo ndilo kosa la MaMpinga, na aliliita kosa yeye mwenyewe hadi mwisho: kwamba alimtuma mtu mahali ambapo alipaswa kwenda mwenyewe, mila au si mila.

Mzee Mfanekiso alishikwa na homa, akafariki tarehe 16 Mei 2020. Wengine wanne waliugua wakapona. Alizikwa tarehe 23 Mei, watu wachache kama amri ilivyotaka, MaMpinga akiwa amesimama nje ya ua kwa hofu ya kuwaambukiza wengine, na ndipo mwana wa Mzee, Sakhumzi Qangule, mlinzi wa duka huko Gqeberha, ambaye sisi sote tuliamini kwamba amefika kwa ajili ya maziko, akasimama kando ya kaburi, akaonyesha kidole kule nje, akasema baba yake ameuawa na maharage ya shule, na kwamba mwanamke anayejifanya mama wa kijiji ameita kifo kwa filimbi ya chakula.

Tarehe 6 Juni marehemu aliitwa barazani kwa chifu. Aliulizwa kama ni kweli aliwakusanya watu kinyume cha amri. Akasema ni kweli. Aliulizwa kama Mzee aliupatia ugonjwa uani kwake. Akashusha kitambaa hadi kwenye nyusi. “Mwalimu, jibu.” Akatazama sakafu. Mtu akaropoka kutoka nyuma, “Leo ulimi umeenda likizo na shule?” na baraza zima likacheka, chifu utusamehe, nawe ulicheka. Angejibu neno moja tu, kiko, angetoka pale mzima. Lakini neno hilo lingekuwa mke anamshtaki baba mkwe aliyekufa, kwa uzembe na tamaa yake, mbele ya wanaume, na MaMpinga aliona ni afadhali kubeba lawama, na MaDiya naye akamkataza asiseme.

Alisimamishwa kazi, stoo ikatiwa kufuli na karatasi ya muhuri, na majira ya baridi yakaanza. Wenye kumbukumbu watakumbuka watoto wakichuma mboga za porini zilizounguzwa na baridi, na mama mmoja akichemsha maji ili watoto waone sufuria iko motoni. MaDiya aligawa vya nyumbani kwake hadi vikaisha. Shule ilipofunguliwa, na marehemu aliporudishwa kazini bila mtu kumwambia pole, nyumba nyingi zilikataza watoto kula chungu cha shule, wakakiita chungu cha maiti. Alistaafu Juni 2021, na kwenye sherehe ya kumuaga viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua bila kulalamika, ila kuhusu chai ya hospitali, ambayo alisema imepikwa na mtu aliyehadithiwa chai. Mwezi uliopita Phathiswa alimuuliza juu ya Mzee, akamweleza habari ya kiko kwa mara ya kwanza, bila kutaja jina hata pale, akisema tu “yule mkubwa”. “Mama, mbona hukusema?” “Ningesemaje, mwanangu? Na aliyeleta ile tumbaku anajijua. Mimi si wa kumsemea.” Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 4 Septemba 2024, asubuhi, akiwa na miaka 63.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa wale waliokubali kukosolewa. Walimu wenzake waliokuja kila Jumapili. Chama cha mazishi kwa hema na vyungu. MaDiya, kwa mambo ambayo shukrani haiyatoshi. Na majirani, wale waliomtembelea na wale walionuia kumtembelea.

Hapa desturi inatutaka tumwambie apumzike kwa amani, tukae. Tungefanya hivyo. Lakini jana asubuhi wanaume wa boma walikwenda kuchimba kaburi, na kwa kuwa baba hayupo na mume hayupo, wa kupiga jembe la kwanza alikuwa shemeji yake, Sakhumzi. Alipewa jembe. Akalishika, akasimama. Wakamwambia, “Piga, Bhele, jua linapanda.” Akalirudisha, akasema mikono yake haiwezi kumfungulia ardhi mwanamke huyu, akaondoka makaburini, akaingia nyumbani kwa marehemu walipokuwa wameketi kina mama na watoto wake, akaongea. Familia ikamwambia jambo moja tu: yale uliyasema mbele ya watu, basi na haya yaseme mbele ya watu. Amekubali. Hatumsomei sisi. Lala, MaMpinga, na umsikie.

Shemeji, simama.

*

[Haya ndiyo aliyoyasema, na familia imeomba yaandikwe mwishoni mwa historia hii kama yalivyotamkwa.]

“Nilikuja siku ya pili ya Mei, ndani ya lori la kabichi. Si kwa maziko. Nilikuwa nakohoa tangu mjini, na nilijua ni nini, maana wawili kazini walikuwa wamekwishakufa. Nilijificha kwenye nyumba ya nyuma. Baba aliponiletea uji alinusa tumbaku mfukoni mwangu, akaniomba, nikawasha kiko chake kwa mdomo wangu, nikavuta, nikampa. Shemeji, hukumuua baba. Ni mimi.”