Kaka Yetu Mkubwa, Kinyozi Aliyepimwa kwa Pua ya Pacha Wake

Marehemu alizaliwa wa kwanza kati ya mapacha wawili, na maisha yake yote hakumwacha mtu asahau. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 9 Mei 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yao, fundi seremala. Mkunga alikwisha kunawa mikono akidhani kazi imekwisha, ndipo mama yao akamwambia, "Usiondoke, yupo mwingine." Huyo mwingine alichelewa nusu saa hivi. Basi kwa nusu saa hiyo marehemu akaitwa Mkubwa, nduguye akaitwa Mdogo, na majina ya kwenye vyeti yakabaki huko huko kwenye vyeti. Kwa nusu saa hiyo hiyo alijipa haki ya kuoga kwanza, kupakuliwa kwanza, na kuamua nani alale upande wa ukutani. Dada yao, aliyewabeba mgongoni kwa zamu na ndiye anayewasomea maneno haya leo, anaapa kwamba hata yeye aliwahi kumlisha mmoja mara mbili na mwingine akalala na njaa.

Walipokuwa wadogo, kabla hawajaanza shule, Mdogo alitoka tetekuwanga. Mama yao hakupenda kazi ya kurudiarudia. Akamlaza Mkubwa kitanda kimoja na nduguye, chini ya shuka moja, ili mambo yaishe kwa mpigo. Yakaisha kwa mpigo. Baadaye yakaja matubwitubwi, ikawa vilevile, mashavu manne yamevimba mezani na hakuna anayeweza kutafuna. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba ile: hawa wakiugua wanaugua wote, wakipona wamepona wote. Hakuna aliyeuliza kama ni kwa sababu ya upacha au ni kwa sababu ya ile shuka. Jamani, lilikuwa swali la maana, na halikuulizwa.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1973 na kumaliza la saba mwaka 1979. Shuleni alikuwa moto wa hesabu, ila kusoma kwa sauti kulimtoa jasho. Mdogo alikuwa kinyume chake. Wakala njama. Kipindi cha hesabu Mkubwa alisimama mara mbili, cha kusoma Mdogo alisimama mara mbili, na walimu wakashangaa watoto wawili wenye akili sawasawa. Mchezo ulidumu hadi mwalimu mmoja mjanja alipompaka Mkubwa chaki nyuma ya sikio bila mwenyewe kujua. Walichapwa wote wawili, na nyumbani wakacheka hadi baba yao naye akashindwa kununa. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Jambo linalomshinda mmoja, mwingine anakwenda badala yake, na familia nzima inaona ni raha tupu.

Mwaka 1988 wakafungua duka la kinyozi. Chumba kimoja, viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, feni ya darini iliyokuwa ikilalamika kuliko wateja, na rafu yenye mashine, vitana, wembe, poda na chupa ya spiriti. Mkubwa alikuwa bingwa wa ndevu. Alikuinamia kabisa, uso kwa uso, akishika kidevu chako kwa vidole viwili, na hapo ndipo alipoanza soga. Kuna mteja mmoja, dereva wa lori, alinyolewa pale miezi kadhaa akiamini kinyozi ni mmoja. Alimwambia mkewe, "Yule bwana ni fundi, ila asubuhi mkali, jioni mcheshi, nadhani anakunywa mchana." Siku aliyowaona wamesimama pamoja alishuka kitini na nusu ya ndevu, akatoka nje kupunga upepo kwanza.

Tarehe 18 Desemba 1993 marehemu alimwoa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mlango wa tatu kutoka kinyozi. Mwanamke huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kuwachanganya, hata siku moja, hata gizani, hata kwenye simu. Alipoulizwa anawajuaje alijibu, "Mmoja nampenda, mwingine ni shemeji, kuna ugumu gani?" Walijaliwa binti na mvulana. Miaka ya baadaye shemeji yetu alipatwa na sukari, na marehemu akajifunza kumchoma sindano, kumpikia anachoruhusiwa, na kumficha vitu vitamu ambavyo alikuwa akivila mwenyewe kwa siri stoo. Alimpenda mkewe waziwazi, mbele za watu, bila aibu. Alipokuwa akifunga duka jioni alikuwa akimpigia mluzi kutoka mlangoni, na cherehani ilinyamaza.

Sasa tuseme la ugonjwa, maana halikwepeki.

Katika wimbi la kwanza la korona, Agosti 2020, Mdogo aliugua. Alipimwa, akakutwa na maambukizi, akafungiwa chumbani kwake hadi akapona. Mkubwa siku zile alipata mafua ya siku mbili tatu, basi. Hakupimwa, kwa kuwa kile kijiti cha kupimia puani kilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Tangu utotoni pua yake ilitoka damu kwa kuguswa tu. Mdogo alipotoka chumbani Mkubwa akatangaza mbele ya wateja, "Sisi tumemaliza. Tumeugua, tumepona, tuna kinga." Hiyo "tu" ndiyo iliyotumaliza. Aliyeugua alikuwa mmoja. Kama yale mafua yalikuwa ni ule ugonjwa au mafua ya kawaida, hakuna anayejua hadi leo.

Juni mwaka huu, maduka yalipofunguliwa tena, ikatoka amri kwamba kila kinyozi apimwe kwanza. Mahema ya kupimia yalikuwa kwenye uwanja wa shule. Mdogo akaenda asubuhi, akapimwa. Mchana akabadili shati, akachukua kitambulisho cha kaka yake, akapanga foleni tena.

Muuguzi akamtazama. "Wewe si ulikuwa hapa asubuhi?"

"Yule ni pacha wangu," akasema Mdogo, na machozi ya kijiti yakamtoka kwa mara ya pili siku hiyo.

Jioni alipoisimulia, watu walivunjika mbavu. Kila mtu alicheka, na anayewasomea haya alicheka pia. Majibu yalitoka: wote wawili hawana maambukizi. Vyeti vikabandikwa kwenye kioo, na tarehe 7 Juni kinyozi kikafunguliwa. Watu walikuwa wengi kama sikukuu, vichwa vimekuwa vichaka. Nywele unaweza kunyolewa umevaa barakoa, lakini ndevu haiwezekani. Mteja anavua, na Mkubwa anamwinamia pale pale penye pumzi yake.

Haikuchukua muda marehemu akaanza kugombana na muuza spiriti. Alifungua chupa, akainusa, akaipeleka kwa nduguye. "Huyu jamaa anaichanganya na maji. Haina harufu kabisa."

Mdogo akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mbona inanichoma hadi machoni?"

Siku hiyo hiyo jioni mkewe aliunguza kitunguu jikoni, nyumba ikajaa moshi, na mumewe akaendelea kusoma gazeti kana kwamba hakuna kitu. Shemeji yetu hakuwa mjinga. Alizima jiko, akaja akasimama mbele yake.

"Baba watoto, kesho nenda kapimwe."

"Nilishapimwa. Cheti kiko kwenye kioo."

"Wewe hujapimwa. Kapimwa ndugu yako."

"Si ni yale yale? Damu moja."

"Damu moja, lakini anayelala na mimi ni wewe."

Akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, akambusu shavuni. Binti yao alikuwepo, ndiye aliyesimulia. Wiki hiyo hiyo shemeji yetu akaanza kukohoa. Sukari ikapanda, miguu ikamlegea. Tarehe 25 Juni walipelekwa hospitali kwa gari moja, yeye na mumewe, maana naye kufikia hapo alikuwa anahema kama aliyepandisha mlima.

Hapo ndipo marehemu alipoingiziwa kijiti puani kwa mara ya kwanza. Hakutoka damu hata tone. Aliuliza, "Ni hivi tu?" Muuguzi akasema ni hivi tu. Majibu yakaja kwamba ana maambukizi. Alipoeleza habari ya cheti chake, muuguzi hakumgombeza. Alimwambia kwa upole, "Mzee, hata ungepimwa mwenyewe siku ile, majibu yangekuwa ya siku ile tu. Ulipopoteza harufu ndipo ulipotakiwa kuja, na kukaa mbali na mama." Afadhali angemgombeza.

Walimwekea oksijeni. Mkewe alilazwa wodi ya wanawake, upande wa pili wa ukumbi. Hawakuonana tena. Shemeji yetu alifariki tarehe 1 Julai asubuhi. Watu walishauriana wamfiche mumewe hadi apate nafuu, lakini yeye alijua. Alikuwa akimpigia simu kila alipopata pumzi, na siku hiyo ilipokelewa na binti yake, naye binti akaangua kilio. Marehemu akakata simu. Daktari alipopita, marehemu alimshika mkono wa koti.

"Daktari, ni mimi niliyemwambukiza?"

"Inawezekana. Hatuwezi kujua kwa hakika."

"Lakini wewe unaonaje?"

Daktari alikaa kitako kando ya kitanda, jambo ambalo hawalifanyi mara nyingi, akasema, "Mzee, wewe pumua kwanza." Marehemu alilielewa jibu hilo. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena swali lolote, na wauguzi walisema hata kile kinyago cha oksijeni alikuwa akikivua wakigeuka. Tunayasema haya kwa sababu ni kweli. Kaka yetu hakutaka kupona.

Nje, Mdogo alikuwa hatoki getini. Alimwambia kila aliyevaa koti jeupe, "Chukueni damu yangu mumtie. Mimi nina kinga, na damu yetu ni moja." Mmoja alisimama akamweleza kwamba kinga haihami kwa undugu, kila mwili unajitengenezea yake, na hata hiyo ya kwake inapungua kadiri miezi inavyopita. Akamwomba avae barakoa vizuri, aende nyumbani, asikae na watu. Mdogo alimsikiliza, akashukuru, kisha akamwendea mwingine akaanza upya. Tarehe 10 Julai mlinzi, mtu mwenye huruma na mwenye kosa, alimwachia aingie kwa mlango wa nyuma. Alikaa na kaka yake hadi wauguzi wakamkuta na kumtoa. Alimnyoa ndevu. Alimwinamia uso kwa uso, barakoa mfukoni, maana kaka yake alikuwa hamsikii vizuri.

Kaka yetu Mkubwa alifariki Jumatano, tarehe 14 Julai 2021, majira ya saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Kwa maelekezo ya madaktari jeneza halitafunguliwa, na tunaomba radhi kwa waliotoka mbali wakitaka kumwona.

Marehemu ameacha binti mmoja, mwalimu wa chekechea, ambaye amepona, mwana mmoja wa kiume, fundi umeme, aliye kazini ng'ambo na anayetusikiliza kwa simu, mjukuu mmoja, dada mmoja, na pacha mmoja.

Pacha huyo ndiye aliyepaswa kusoma wasifu huu, kwa kuwa ndiye mwenye sauti ya kusoma. Hayupo. Juzi alipimwa, kwa kijiti chake na kwa kitambulisho chake, akakutwa na maambukizi kwa mara ya pili. Jana jioni walimchukua akiwa hawezi kumaliza sentensi. Mapokezi walipomuuliza namba ya ndugu wa kupigiwa hali ikibadilika, alitaja ile aliyokuwa akiitaja siku zote. Leo, tukiwa tunaliteremsha jeneza kutoka kwenye gari, simu ya marehemu iliita ndani ya mfuko wa vitu vyake. Dada yao aliipokea. Aliyepiga aliuliza, "Naongea na Mkubwa?"

Kaka, pumzika. Mungu akupokee na mkeo, na atuachie aliyebaki.