Bi Mteja, Mwenye Sauti Yake

Wasikilizaji wapendwa, mwenye kazi mkononi na aendelee nayo. Nahitaji masikio yenu tu. Mwenye ufagio, fagia. Mwenye sufuria jikoni, punguza moto kwanza, isije ikaungua ukasema redio ndiyo iliyokuponza.

Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu hamkuijua sura yake. Angepita mbele yenu na kikapu chake, msingegeuka. Lakini sauti yake mliijua, tena kuliko mnavyozijua sauti za shangazi zenu. Kila mlipompigia mtu simu na mtu huyo hayuko hewani, mama huyu ndiye aliyewaambia: "Unayempigia hapatikani kwa sasa. Jaribu tena baadaye kidogo."

Ndiye huyo. Tumemzika juma lililopita. Mtaani kwake walimwita Bi Mteja, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Kabla kampuni ya simu haijamjua, Bi Mteja alikuwa opareta wa hospitali. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Kilikuwa kidogo, ukifungua mlango wote unagonga kiti chake. Mbele yake palikuwa na ubao wa nyaya na taa ndogo ndogo. Taa ikiwaka, anachomeka waya na kusema, "Hospitali, nikuunganishe na nani?"

Sasa fikirini, wasikilizaji. Anayepiga simu hospitali mara nyingi hapigi kwa furaha. Mwingine analia, mwingine anafoka, mwingine amesahau hata jina la mgonjwa wake. Bi Mteja hakuwakatia simu. Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, alituambia hivi: "Mama alikuwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu pale mezani. Hakuweka sukari wala majani. Alikuwa anasema koo ni kama hariri, huipigi pasi ya moto mkali."

Basi bosi mmoja wa kampuni ya simu akalaziwa mkewe hospitalini hapo. Akapiga simu kuuliza hali yake. Opareta akamwambia, "Subiri baba, nakutafutia nesi wa zamu, usikate." Bosi yule alisema baadaye kwamba moyo wake ulitulia kabla hata nesi hajaja. Mke alipopona, wakamwita Bi Mteja aje kurekodi.

Wakamwingiza kwenye chumba chenye magodoro ukutani, ili kelele za barabarani zisipenye. Wakampa karatasi ya kusoma. Karatasi ilisema: "Unayempigia hapatikani." Basi, nukta.

Bi Mteja akaisoma kimoyomoyo, akaiweka chini.

"Mwanangu," akamwambia fundi mitambo, "hii haijaisha."

"Imeisha, mama. Ni fupi ili iende haraka."

"Mtu anamtafuta mwanawe. Wewe unamwambia hapatikani, halafu kimya. Si umeshamzika?"

Fundi mitambo akacheka. "Sasa unataka tusemeje, mama?"

"Sema 'kwa sasa'. Halafu mwambie ajaribu tena baadaye kidogo. Na hiyo kidogo usiiondoe, maana baadaye peke yake inaweza kuwa hata mwakani."

Wakabishana mpaka maji ya uvuguvugu aliyokuja nayo yakapoa. Mwishowe bosi akaitwa aamue, naye akasema, "Mwacheni mama aseme anavyojua."

Narudia, wasikilizaji wapendwa, ili lisipotee. "Kwa sasa" na "baadaye kidogo" hayakuwa maneno ya kampuni. Yalikuwa ya Bi Mteja.

Sauti hiyo ikaingia kwenye simu za watu, ikakaa miaka mingi. Sokoni Bi Mteja hakuwa na raha. Akifungua mdomo kuuliza bei ya vitunguu, watu wanageuka. "Jamani, leo amepatikana!" Muuza nyanya mmoja alimshika mkono siku moja, akamwambia, "Mama, jana nimempigia mume wangu, umepokea wewe. Unakaa naye wapi?"

"Njoo umchukue, mwanangu," Bi Mteja akamjibu. "Anakoroma."

Soko zima likaangua kicheko.

Lakini akirudi nyumbani, alimwambia binti yake jambo moja bila mzaha. Alimwambia, "Mimi watu hawa sijawahi kuwadanganya. Nikisema hapatikani, kweli hapatikani. Mtu akisikia sauti yangu anajua kwamba hilo ni kweli. Hiyo ndiyo mali yangu, sina nyingine."

Shikeni hapo, wasikilizaji. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake.

Bi Mteja akastaafu, akahamia kwa binti yake, kwenye nyumba yenye cherehani sebuleni na vipande vya kitambaa chini ya kila kiti. Asubuhi moja alikuwa ameketi na ungo mapajani, anachagua mchele. Binti alikuwa kwenye cherehani. Simu ya binti ikaita, naye mikono yake ilikuwa kwenye pindo la gauni, akaiweka kwenye spika.

Simu ikasema, "Hongera, ndugu mteja! Tumekuletea masharti mapya yenye manufaa kwako. Bonyeza moja kukubali."

Ilikuwa sauti ya Bi Mteja. Naye Bi Mteja alikuwa ameketi pale pale na ungo wake, mdomo umefungwa.

Binti akasimamisha cherehani. "Mama, umesema kitu?"

"Sijasema."

"Mbona ni wewe?"

"Si mimi. Mimi nachagua mchele."

Kumbe kampuni ilikuwa imechukua zile rekodi za zamani, ikailisha kompyuta. Kompyuta ikajifunza kusema kama yeye, maneno yoyote inayoandikiwa. Hakuna aliyekuja kubisha hodi. Hakuna aliyeuliza, "Mama, tunaweza?"

Haikupita muda, fundi viatu wa kona akaja mlangoni. Alikuja na kiatu kimoja mkononi, hata hakukumbuka kukiacha kibandani.

"Shikamoo, Bi Mteja."

"Marahaba. Mbona una sura ya aliyefumaniwa?"

"Bi Mteja, umeniponza. Uliniambia nibonyeze moja, nikabonyeza. Nikasema Bi Mteja hawezi kunitia shimoni. Kumbe nimekubali wachukue namba zote zilizomo kwenye simu yangu, wawape watu wa matangazo! Wateja wangu wote wanapigiwa. Na mama mkwe wangu…" Hapo akaweka kiatu usoni. "Mama mkwe wangu amepigiwa simu ya dawa ya nguvu za kiume. Wakamwambia namba yake wameipata kwangu!"

Binti wa Bi Mteja aliuma kitambaa asicheke. Bi Mteja hakucheka.

"Ulibonyeza kwa sababu ulisikia ni mimi?"

"Ningebonyeza kwa ajili ya nani mwingine?"

Bi Mteja akaweka ungo chini. Akaomba sweta lake la kijivu.

"Mama, unakwenda wapi?" binti akauliza.

"Kwenye kampuni."

"Mama, wale ni wakubwa. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe aondoke na mdomo wangu?"

Wakaenda wote wawili. Ukumbi wa wateja wa kampuni ile una sakafu inayong'aa, viti vya plastiki vilivyofungwa kwa safu, na mashine inayotoa tiketi ya foleni. Bi Mteja akachukua tiketi kama watu wengine, akakaa, akasubiri. Zamu yake ilipofika, mama wa kaunta akamsikiliza kwa adabu, akatazama kompyuta yake, akasema, "Mama, hapa inaonekana ulisaini mkataba uliporekodi. Kwa hiyo kisheria sauti ni mali ya kampuni."

"Ni mali ya kampuni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi iambieni ipite sokoni iniletee chumvi."

Mama wa kaunta akashindwa kujizuia, akacheka. Lakini akatikisa kichwa, hana la kufanya. Bi Mteja akasimama, akageukia ukumbi. Akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake ya kazini, "Ndugu wateja, naomba mnisikilize kidogo."

Wasikilizaji, mngekuwepo! Binti yake anasema ukumbi mzima ulichomoa simu. Wengine kwenye mikoba, wengine kwenye mifuko ya suruali. Kila mtu alidhani ni simu yake iliyosema. Wakaziangalia, wakaziona zimezimika. Ndipo wakamwona bibi mwenye sweta la kijivu.

"Ni mimi," akasema. "Nilipowaambia mtu hapatikani, nilisema kweli. Lakini bonyeza moja sikuisema. Masharti hayo siyajui, sijayasoma, na aliyeyasema si mimi. Nimekuja mnione mdomo, mjue."

Kisha baba mmoja aliyekuwa amevaa kofia ya mlinzi akasimama, akaenda kaunta. "Mimi nilibonyeza. Naomba mnitoe." Nyuma yake akasimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine. Foleni ikafika mlangoni.

Bi Mteja hakuishia hapo. Asubuhi baada ya asubuhi alirudi, akakaa kiti cha pembeni karibu na mtungi wa maji, na sweta lake. Hakupiga kelele, hakubeba bango. Mtu akija kumuuliza, anajibu, "Hiyo si mimi." Mlinzi wa ukumbi alitumwa amwondoe. Akamsogelea, akainama, akamnong'oneza, "Mama, nimetumwa nikutoe. Lakini mwaka ule mdogo wangu alipopotea, kila nilipompigia ulinijibu vizuri. Nakuletea maji."

Mwishowe wakubwa wenyewe wakaja nyumbani. Waliketi kati ya vipande vya kitambaa, mmoja akakalia pini akaruka. Wakamwambia Bi Mteja ataje bei anayotaka, asaini upya, mambo yaishe kwa amani.

"Mnataka kununua nini?" akawauliza.

"Sauti yako, mama."

"Hapana. Sauti mnayo tayari. Mnachotaka kununua ni kuaminiwa. Nacho si changu. Ni cha yule fundi viatu na wenzake. Mimi nilikabidhiwa tu. Kitu cha amana nitakiuzaje?"

Wakanong'onezana. Kisha mkubwa wao akasema, "Mama, mitambo haichagui. Tukiitoa sauti yako, tunaitoa yote. Hata ile ya hapatikani kwa sasa. Hutasikika tena popote. Umekubali?"

Hapo, binti anasema, mama yake aliokota kipande cha kitambaa, akakikunja. Ile sentensi ndiyo aliyoipigania kwenye chumba cha magodoro. Ndiyo iliyomfanya asalimiwe na watu asiowajua. Ndiyo iliyokuwa imebaki ya ujana wake. Binti akataka kusema, "Mama, ngoja kwanza." Hakuwahi.

"Toeni yote," Bi Mteja akasema. "Bora nisisikike kuliko nisikike nikidanganya."

Na wakaitoa. Mjue hivyo, enyi mliojiuliza sauti ile ilikwenda wapi. Haikuibiwa wala haikuchakaa. Mwenyewe aliiondoa.

Siku binti aliposikia sauti ngeni kwenye simu, alilia. Bi Mteja akamwambia, "Unalia nini na mimi nipo? Niulize kitu, nikujibu." Na aliishi miaka mingine, akiwajibu watu kwa mdomo wake mwenyewe, mlangoni, sokoni, kibandani kwa fundi viatu. Fundi viatu anasema mama mkwe wake alimsamehe siku Bi Mteja alipokwenda kumweleza ana kwa ana. "Alimwamini palepale," anasema. "Hakuuliza swali la pili."

Ameondoka akiwa usingizini, kwenye kitanda chake, binti yake karibu.

Wasikilizaji wapendwa, kuna jambo moja limebaki, na familia imeniruhusu kulisema. Siku ya tatu ya msiba, ujumbe uliingia kwenye simu ya mjukuu wake, binti wa huyu fundi cherehani. Ulitoka kampuni nyingine kabisa. Ulisema pole, halafu ukasema: tutumie sauti ya marehemu, tutaifanya iongee na wewe kila siku, iitikie, ikujibu. Bonyeza hapa kukubali.

Mjukuu alikuwa na sauti ya bibi yake, aliyomrekodi akicheka. Alikaa kitandani na simu, kidole juu ya kioo. Mama yake akamkuta.

"Mama, nimsikie tu. Mara moja."

Mama yake hakumnyang'anya simu. Alikaa karibu naye. Akamuuliza, "Utamwambia nini?"

"Nitamuuliza kama amefika salama."

"Itakujibu amefika salama, mwanangu. Itakujibu vizuri sana, kwa sauti ile ile ya bibi. Nani atakuwa ameiambia?"

Mtoto akamwangalia mama yake. Akaufuta ujumbe. Kisha wakalia pamoja, na mwenye simu na asiye na simu.

Kwa binti wa marehemu, kwa mjukuu wake, na kwa mtaa mzima uliompenda: sisi wa kipindi hiki tunasema poleni sana. Mungu awashike mkono. Mmempoteza mtu mzima kwelikweli. Jivunieni.

Na wewe unayenisikiliza, leo simu yako ikikuomba ukubali, uliza kwanza ni nani anayesema. Na wewe ambaye watu wakikusikia wanaamini, ilinde hiyo amana.

Kwa kawaida, tukifika hapa, tunawawekea sauti ya marehemu. Ya Bi Mteja tunayo hapa studio. Tuliomba ruhusa kwa familia, nao wakasema alikwisha sema aliyotaka kusema. Tunawaheshimu. Basi badala yake tutakaa kimya kidogo, sisi huku na ninyi huko. Msiipige redio kofi. Haijaharibika.