Muhogo Usizikwe Nami

Sogeeni, wanangu. Rahima, keti hapa kichwani pangu, na wewe Ashiru zima hiyo simu uketi chini, maana sauti imenitoka kidogo leo na sijui kama kesho itatoka tena. Tangu mliponichukua hospitali Ndanda mkanirudisha hapa Newala, mmekuwa mkinilisha maneno matamu, mama utapona, mama kunywa uji, kana kwamba sikuwazaa mimi nikawajua. Anayepona hachinjiwi kuku kila siku. Nakufa, na msilie kwanza, kilio kina siku zake. Mnaniona nashtuka-shtuka kitandani mkadhani ni homa; si homa, ni hofu, na ninachokiogopa si kaburi, kwa sababu huko alikwenda mama yangu, na baba yenu naye akaenda, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Ninachokiogopa ni msiba wangu.

Mnaijua desturi yetu, kwamba shamba la marehemu ndilo linalolisha matanga yake. Pumzi ikinikatika, wanawake wa kijiji watajitwika vikapu, wataingia bustanini hapo nyuma ya nyumba, watang'oa muhogo wa kulisha watu, na kwa jinsi nilivyowazika wenzangu maishani, watakaokuja kunizika mimi si haba. Wataumaliza wote. Mashina watayatupa njiani, mbuzi watayatafuna, jua litakausha yaliyobaki, na watoto watayafanya fimbo. Sisemi ni ubaya, nami nimefanya hivyo hivyo kwenye misiba ya wenzangu, tena nikiimba. Lakini mle bustanini ndimo ulimobaki muhogo wa Msinicheke, na sijui shamba jingine, si hapa Newala wala kule Masasi, lenye mbegu ile. Nikifumba macho naona vikapu tu, naona majembe tu.

Sikilizeni basi niwaambie ulivyo, maana mmeula tangu mna meno ya utoto lakini hamjawahi kuuliza. Mama yangu alikuja nao kutoka upande wa Mahuta alipoolewa, vijiti vimefungwa kwenye kanga pamoja na sufuria yake. Aliuita Msinicheke kwa sababu ya sura: shina limepinda, gome lina makovu, majani membamba utadhani yametafunwa, na mizizi michungu hata panya akionja anatema. Kuula kuna kazi yake, umenye, uukate, uuanike mpaka uwe makopa, utwange, ndipo upike ugali. Mwanamke mvivu haumfai. Watu walimcheka mama kweli kweli, na jirani yetu Salome, huyu mnayemwita Mama Cecil, alipopewa mbegu na mama yangu aliipanda mwaka mmoja kisha akaing'oa, akasema hawezi kulisha wanawe sumu, akapanda muhogo mtamu wa kutafuna mbichi kama wenzake wote.

Halafu ukaja mwaka wa kuoza. Rahima, wewe unaukumbuka, Ashiru alikuwa bado ananyonya. Mvua ilinyesha vizuri, majani yakawa ya kijani, watu wakapita mashambani wakicheka, mwaka huu tumepona, mwaka huu tutauza hadi Tandahimba. Siku ya kung'oa ndiyo tukajua. Nje muhogo mnene kama paja la mtoto, ukipitisha kisu ndani mistari ya kahawia, nyama imekauka ngumu kama gome, hailiki, hata mbuzi walinusa wakaenda zao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Shamba hata shamba ilikuwa hivyo hivyo. Watu waliingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, mpaka ikaisha, na Mama Cecil akamzika binti yake wa pili, mtoto aliyekuwa akicheza na Rahima uani hapa. Mpaka leo nikiona majani ya muhogo yanapendeza kupita kiasi, sithubutu kuyasifu. Ugonjwa unaoonekana humtia mtu hofu mara moja. Ule unaojificha ndani ya mzizi mpaka siku ya njaa, huo sijui niuite nini.

Msinicheke haukuoza. Mama yangu akagawa makopa mpaka ghala likabaki na vumbi, na Mama Cecil alikuja na kikapu, akajaziwa, akala. Kisha mnajua alichosema? Alisema kisimani mbele ya watu, kwa nini shamba la nyumba ile tu ndilo halikuoza? Wana nini wale? Ala! Chakula chetu kikiwa bado tumboni mwake! Neno lile likatembea kuliko moto wa kiangazi, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuomba mbegu kwetu, wakasema ni muhogo wa wachawi, shina lake likivuka mpaka wa shamba lako utakwenda nalo usiku usikokujua. Mkono wa mama ulibaki umenyooka na vijiti, hakuna wa kupokea. Ndiyo sababu mbegu ile imebaki mle bustanini peke yake, kwa ulimi wa mtu mmoja na woga wa kijiji kizima. Sijamsamehe Salome, na msije mkanidai nimsamehe leo eti kwa sababu nakufa.

Nipe maji, Rahima. Kidogo tu. Basi.

Sasa wewe Ashiru, usiangalie pembeni. Mwaka jana ulirudi na mashina uliyoyanunua njiani, sijui kwa nani na wala wewe hujui, marefu, yamenyooka, yana rangi ya maziwa, ukaniambia mama acha mambo ya kizamani, hizi ndizo mbegu. Nikakuambia usiache mbachao kwa msala upitao. Ukacheka, ukayapanda mistari miwili kando kabisa ya Msinicheke wangu, mimi nikiwa kitandani siwezi kunyanyua hata jiwe la kukurushia. Na ukitikisa majani ya muhogo wako wanaruka wadudu weupe wadogo kama unga wa sembe, wanatua kwangu. Bibi shamba Elineema alipokuja kunijulia hali aliwaona, akashika kiuno. Nilimuuliza, Msinicheke si hauugui? Yule binti hakunidanganya, Mungu ambariki, alisema, "Mama, hakuna mmea usiougua kabisa. Upo unaougua ukaendelea kuzaa, na upo unaougua ukafa. Na hata ule wenye nguvu, ukiulaza kitanda kimoja na mgonjwa kila siku, iko siku utashindwa." Tangu alipoondoka sijalala usingizi wa haki.

Rahima, inuka. Chukua jembe na kisu. Nenda kwenye mstari wa Msinicheke ulio jirani na ile mistari ya mdogo wako, ng'oa shina moja, ulilete hapa na mzizi wake, usiuvunje. Nenda, nitasema na Ashiru.

Ashiru mwanangu, mikorosho yote ya kule bondeni ni yako, aliipanda baba yenu kwa mkono wake na dada yako hana neno. Nyumba hii na bustani ni vya Rahima, kwa kuwa kwetu ardhi hushikwa upande wa mama, na mtu asije na karatasi za mjini kunibishia nikiwa udongoni. Lakini hata huko kwenye korosho nisikie: usinunue miche kwa kuangalia urefu. Msimu wa maua, miti inapomwagikiwa na ule unga mweupe wa ubwiriunga, na ninyi mkihangaika na mabomba ya salfa, tembea bila haraka utafute mti uliosimama katikati ya wagonjwa na maua yake bado mekundu. Huo ndio wa kutolea mbegu. Na mbaazi vivyo hivyo, na njugu mawe, na hata nyanya za uani: msiulize ni upi mzuri mwaka wa neema, mwaka wa neema kila mtu mzuri. Ulizeni ni upi uliobaki umesimama wenzake walipolala. Mmea mbaya wa sura lakini unajua kukaa na adui, shikeni huo. Mnasikia? Mwitikie mama yako, mdomo haujakufa wako, unaokufa ni wangu.

Haya, Rahima amerudi. Ukate hapa mbele yangu. Uanzie juu, ushuke.

Mbona kisu kimesimama?

Rahima. Sema na mimi. Macho yangu yana ukungu lakini masikio mazima. Uweke mkononi mwangu. Uko wapi, hapa... hapa ni laini, hapa una utomvu, huu ni muhogo... na hapa. Hapa ni mgumu. Unakwaruza kama gome. Ni kahawia, sivyo? Niambie kwa mdomo wako.

Haya. Nimesikia.

Ee Mungu wangu. Nilikuwa naogopa vikapu vya wanawake, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Usilie, Ashiru. Lia kesho. Mikono yako naitaka. Ukitoka hapa ukang'oe mistari yako yote miwili, na huu mstari wangu ulioguswa, uiteketeze leo, jua likiwapo, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Usiseme shina hili linaonekana zima. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na sasa sikilizeni, maana nimebadili neno langu. Nilikuwa nimewaita hapa niwaambie mkawazuie wanawake, msiba wangu ulishwe unga wa dukani, bustani isiguswe. Nimekosea. Tukiuficha hatutajua ni upi umeoza ndani na ni upi mzima, tutapanda ugonjwa kwa mikono yetu na kuuita urithi. Acheni waingie. Acheni waung'oe wote. Ila shina lisitenganishwe na mzizi wake kabla ya kisu. Kila shina likitoka ardhini, mizizi yake yote ipasuliwe hapo hapo kwenye shimo lake, mbele ya watu. Ukiwa na mstari hata mwembamba kama unywele, shina liende motoni. Ukiwa mweupe mpaka ncha, mizizi iende kwa wapishi, waimenye, waianike juani watu wakiona, wapike baada ya siku zake, na shina lisimamishwe kivulini nyuma ya choo, mguu wake ndani ya udongo wenye unyevu, lingoje mvua. Mwaka huu mvua iko karibu. Halafu lipandwe mbali na hapa, kule kwenye shamba la mjomba wenu, pasipo na jirani wa muhogo.

Na kisu apewe Mama Cecil.

Usininong'oneze, Rahima, najua nilichosema. Sijamsamehe. Lakini katika kijiji hiki hakuna jicho linaloujua mstari ule kama jicho la mtu aliyezika mtoto kwa sababu ya mstari ule. Yeye hatauruka hata mmoja kwa uvivu. Na akishapasua kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote, akaona mweupe na wa kahawia katika shamba moja la nyumba moja, wataona kwamba si uchawi, ni muhogo. Shina la kwanza litakalotoka safi, mpeni yeye. Akikataa, liacheni mlangoni pake. Mbegu ikikaa kwa mtu mmoja, inakufa siku anayokufa. Mimi nimeijua hiyo leo, kitandani.

Ngojeni... ngojeni nipumue.

Jambo la mwisho ni gumu. Ikiwa yote ni kahawia. Msinikatishe. Ikiwa hakuna hata shina moja safi, chomeni yote, mpaka kijiti. Msije mkabakisha kimoja uani kwa kusema hiki cha kumkumbukia mama. Hicho kitaua mashamba ya watu. Afadhali mnisahau. Kisha nendeni kwa Elineema, mwambieni mnataka muhogo unaovumilia, hata kama una sura ya kuchekesha, muanze upya, na kila mwaka mpasue kabla ya kupanda. Ahidini. Wewe kwanza, Ashiru. Na wewe.

Naogopa, wanangu. Mkono wako uko wapi, Rahima... ndiyo. Naogopa kweli.

Mungu awape macho ya kuona ndani ya kitu. Awape mkono usiohurumia ugonjwa na usiomnyima jirani. Watoto wenu wasijue ladha ya ming'oko ya njaa. Wakae... wakae katika ardhi hii, washibe nayo. Nimewaachia radhi, wote wawili, Ashiru nawe nimekuachia, usitembee na hili moyoni.

Sasa Rahima, chukua tena jembe. Usingoje nife. Nenda mwisho kabisa wa bustani, mbali na ile mistari, ung'oe wa pili, uupasue huko huko. Mimi nitakusikia. Ukiwa mweupe, niite kwa sauti kubwa.

Ukiwa wa kahawia... niite pia.